Sungura wa Februari

Shangazi yangu Saengla ana kipaji kimoja ambacho mtaa mzima unakikubali: kupanga safari. Mengine yote mnayosema juu yake ni kweli pia, ila hapo hakuna wa kumpinga. Mwambie watu thelathini na mmoja, basi moja, siku moja, kutoka hapa Phayao mpaka Nan na kurudi kabla ya giza. Atakuandikia nani akae na nani, nani anatapika kwenye kona, nani asiwekwe karibu na nani kwa sababu ya kile kisa cha bata, na kituo gani cha mafuta kina choo chenye maji. Akishamaliza atakugombeza kwa kumuuliza.

Hasira yake haina likizo. Asubuhi anauza tambi za mchele kwenye njia panda ya soko, zile za mchuzi wa nyanya na damu, na wageni kutoka Bangkok wakija na simu zao, "Mama, tunapanga kwenda Nan wikiendi, unatushauri tuanzie wapi?", anawajibu bila kuinua macho kwenye sufuria.

"Anzieni kumaliza tambi."

"Tumesikia mji wenyewe umetulia sana."

"Ulikuwa umetulia. Ninyi ndio mnaelekea huko."

Wageni wanacheka wakidhani ni utani. Siyo utani. Lakini wakifika nusu ya bakuli utamwona anavuta karatasi ya kufungia na kuanza kuandika: hekalu lenye picha za ukutani mwende kabla ya saa tatu, jua likiwa linaingia mlango wa mashariki, msiguse ukuta, mwanamke asivae kaptula, chakula cha mchana kwa yule mama mwenye goita nyuma ya soko, siyo kwa yule mwenye bango kubwa. Anawarushia karatasi kama anawapa hati ya mashtaka. Nimeshaziona karatasi zake tatu mtandaoni, watu wamezipenda kwa maelfu. Sijamwambia. Naipenda akaunti yangu na ninaupenda uhai wangu.

Sasa, ili umwelewe huyu mama, lazima ujue kitu kimoja. Kwetu huku kaskazini kila mtu ana mnara wake. Mwaka uliozaliwa una mnyama, mnyama ana mnara, na kabla hujaingia tumboni mwa mama yako roho yako ilikuwa imetua pale. Siku ukifa itarudi palepale. Sungura mnara wao uko Nan, ule wa dhahabu juu ya kilima. Simbamarara wao uko Phrae. Kwenda mara moja maishani ni wajibu, lakini kwenda katika mwaka wa mnyama wako, ambao unarudi kila baada ya miaka kumi na miwili, ndiyo yenyewe. Na mtaa wetu una desturi yake: mwaka huo, anayetimiza miaka sitini ndiye anashika kichwa cha kitambaa. Ni kitambaa cha njano, mita na mita, tunakibeba juu ya vichwa tukiuzunguka mnara mara tatu kabla ya kuuvisha. Wa mbele anatembea, wote wanafuata. Wakiwa wawili wa umri huo, mkubwa ndiye wa mbele.

Shangazi alizaliwa Februari 1963. Sungura. Amelisema hilo maisha yake yote kama wengine wanavyotaja shule waliyosoma.

Na hajawahi kufika kwenye mnara wake katika mwaka wake. Mwaka 1975 alikuwa na miaka kumi na miwili, lori limeshawashwa, akavimba matubwitubwi mashavu yote mawili. Babu akampandisha, bibi akamshusha. Mwaka 1987 alikuwa ametoka kujifungua, yuko ndani mwezi mzima kama desturi, haruhusiwi hata kunawa maji baridi, sembuse kusafiri. Mwaka 1999 alikuwa anashona mikono ya mashati kiwandani Bangkok, akaomba siku mbili, msimamizi akamwambia aende moja kwa moja asirudi. Mwaka 2011 mambo yote yalikuwa tayari, majina yameandikwa, basi limekodiwa, na marehemu mumewe akachagua wiki ileile kufa. Mpaka leo hajamsamehe. Akifukiza ubani mbele ya picha yake anaanza na salamu, anamalizia na lile basi.

Kwa hiyo mwaka huu, 2023, miaka sitini kamili, kichwa cha kitambaa, Nan. Akikosa tena, mara nyingine atakuwa na sabini na mbili, na magoti yake yalishajiuzulu.

Adui naye yupo. Mamkubwa Chansom, mke wa Baba Mkubwa Inthon, yaani wifi yake shangazi. Hawa wawili walianza kuchukiana darasa la kwanza. Ndoa ilikuja tu kuwarahisishia kuonana kila siku. Mamkubwa naye ni wa 1963, lakini Oktoba. Amekuwa nyuma ya shangazi kwa miezi minane tangu kuzaliwa, na jambo hilo halijawahi kumtoka.

Kikao cha kupanga safari kilikuwa Jumapili ya mwisho ya Januari, ukumbini hekaluni. Shangazi akasimama na daftari lake.

"Saa nne, hekalu la picha za ukutani. Saa tano, la pili. Saa sita tunakula. Saa saba mnara. Mtu akichelewa chooni tunamwacha, ana miguu."

"Na ule mgahawa wa kahawa kwenye mashamba ya mpunga?" akauliza Mamkubwa.

"Umeuona kwenye karatasi yangu?"

"Sijauona, ndiyo maana nauliza."

"Basi umeshajijibu."

"Watu wanataka kupiga picha, wifi. Siyo wote tunakwenda kupiga magoti mpaka yatoe moshi. Pale wana kidaraja cha mianzi, mpunga huku na huku, kijani tupu."

"Mwezi wa tatu? Mpunga gani? Mwezi wa tatu kule ni mabua na vumbi. Ukitaka kupiga picha na mabua, nenda nyuma ya nyumba yako, hujafyeka tangu mvua."

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mimi ndiye admini wa grupu la mtaa na nilikuwa tayari na simu, lakini nikaona macho ya Mamkubwa nikairudisha mfukoni. Hakukasirika. Alitabasamu. Mtu anayekuchukia akikutabasamia baada ya kushindwa, hesabu vidole vyako.

"Haya," akasema. "Wewe ndiye unajua. Basi tuandike majina ya kitambaa. Mzee Muean, hebu tusomee."

Mzee Muean ndiye anaongoza sala zetu. Aliwahi kuwa mtawa miaka kumi na moja, na miwani yake imefungwa na mpira nyuma ya kichwa. Akafungua karatasi, akaifunga, akaifungua tena.

"Kuna jambo dogo," akasema.

"Sema," shangazi akasema.

"Nimeulizwa, nikaangalia vitabu vya zamani. Kwa hesabu ya wazee wetu, mwaka wa wanyama haugeuki Januari. Unageuka mwezi wa nne, siku za kumwagiana maji. Sasa, mtu wa Februari sitini na tatu... mwaka ulikuwa haujageuka. Anabaki kwa mnyama wa nyuma."

"Nani?"

"Simbamarara."

"Siulizi mnyama. Nauliza nani kakuuliza."

Mzee Muean akaitazama dari. Mamkubwa akajipepea na kitabu cha sala.

"Pole, wifi," akasema. "Miaka sitini unamlilia mume wa mwenzio."

Hapo ndipo akainama chini ya benchi akavuta boksi. Mashati. Ya pinki. Thelathini na moja, kila moja lina sungura anayecheka, na chini yake maandishi: Safari ya Nan, Kiongozi Chansom. Yalikuwa yameshachapwa. Maana yake huyu mama alijua tangu wiki mbili nyuma, akaja akakaa pale kimya na suala lake la kahawa, akisubiri.

Shangazi akafunga daftari. "Kitambulisho kimekosewa," akasema. "Baba aliniongezea umri ili niwahi shule. Mimi ni wa Mei." Akatoka. Viatu alivyovaa mlangoni havikuwa vyake, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Jioni hiyo grupu lilikuwa vita. Kwa kawaida grupu letu ni la picha za maua na "Jumatatu njema". Mamkubwa akatuma kistika cha sungura anacheza ngoma. Shangazi akajibu kwa sauti, dakika tatu na sekunde arobaini, bila kupumua, akianzia darasa la kwanza na kalamu iliyopotea. Mtu akaandika "mbona nasikia harufu ya kitu kinaungua." Mwingine akaandika "ni jiko la Phrae hilo." Binti wa muuza soseji akatengeneza picha: uso wa shangazi, masikio ya sungura, mistari ya simbamarara. Nikaifuta. Niliihifadhi kwanza, kisha nikaifuta. Nikalifunga grupu kwa saa mbili watu wapoe.

Kesho yake shangazi akanikamata. "Twende kwa mama. Wewe utakuwa shahidi, na uandike."

Bibi Kaeo ana miaka themanini na minne. Anaishi kwa Baba Mkubwa Inthon, yaani chini ya paa la Mamkubwa, na hampendi Mamkubwa, wala binti yake, shangazi, hampendi sana. Tulimkuta kwenye kibaraza anamenya vitunguu saumu.

"Mama," shangazi akapiga kelele, maana sikio la kushoto limekufa. "Nilizaliwa mwezi gani?"

"Kwa nini? Unataka kurudi?"

"Mama! Ilikuwa Mei, siyo? Baba alidanganya ofisini?"

"Baba yako alikuwa hawezi kumdanganya hata bata." Bibi akaendelea kumenya. "Ilikuwa baridi. Nimekaa na moto wa magogo kushoto na kulia, moshi unanitoa machozi, na wewe unalia kuliko mimi. Tumbaku ilikuwa haijavunwa."

"Baridi ya mwezi gani?"

"Baridi ni baridi. Ila najua hivi: siku ya kubeba mchanga kwenda hekaluni, ile ya mwaka mpya wa maji, nilikuwa nimeshatoka ndani. Nilikuwa nimekufunga mgongoni. Nikainama kumwaga mchanga wangu, ukanikojolea. Kila mtu na maji yake matakatifu, na wewe na yako. Watu walicheka mwaka mzima."

Nilikuwa nimeandika, kisha nikafuta neno "ukanikojolea" kwa heshima.

"Kwa hiyo ni kabla ya Aprili," shangazi akasema polepole.

"Wewe ni simbamarara. Mimi nilijua siku zote."

"Ulijua? Miaka sitini nasema mimi ni sungura, na wewe unasikia?"

"Hukuniuliza. Wewe huulizi, wewe unatangaza."

Ndani ya nyumba tulisikia kitu kama mtu anakohoa ndani ya mto. Mamkubwa, anacheka.

Shangazi hakugeuka. Alimwambia mama yake kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo, "Kwa hiyo ningekufa ningekwenda Nan, ningefika mlangoni, halafu ningeambiwa siyo hapa."

"Ungewagombeza, wangekufungulia," bibi akasema. "Nipe kile kisu."

Siku tatu shangazi hakumgombeza mtu. Nataka uelewe jinsi hali ilivyokuwa mbaya. Wateja walikuwa wanakula haraka na kuondoka, wanaogopa. Mgeni mmoja wa Bangkok akauliza njia ya Nan, akajibiwa vizuri, kwa upole, kilomita kwa kilomita, na wazee wawili wa meza ya jirani wakaacha kula. Daftari aliendelea kuliandika, kwa sababu kazi ni kazi: safari ya Nan, basi, viti, choo chenye maji. Kwenye kichwa cha kitambaa aliandika Chansom, kwa mwandiko wake mzuri. Jina lake aliliweka la thelathini na moja.

Siku ya nne Mamkubwa akaja kibandani. Hakuja kula. Alikuja na shati la pinki limekunjwa kwenye mfuko.

"Nimekuletea, wifi. Saizi kubwa."

"Weka hapo."

"Usinune. Mbona simbamarara pia mnakaribishwa. Mwaka ni wetu, lakini hatuna roho mbaya."

"Asante."

Ile "asante" ilimpa Mamkubwa kichaa. Angeondoka pale angekuwa salama mpaka leo. Lakini mshindi naye ana njaa yake. Akaburuta kiti akakaa.

"Nimemwambia Inthon atanipiga picha. Mimi mbele, kitambaa nyuma, mnara ule unang'aa. Mwaka wa sungura, miaka sitini, sungura mwenyewe mbele. Wengine wanasubiri maisha yote na..."

"Mwaka wa sungura," shangazi akasema.

"Ndiyo, wa sungura. Au hata hilo unabisha?"

Shangazi akaweka upawa kwenye sufuria. "Safari ni lini?"

"Si umepanga mwenyewe? Mwezi wa tatu, mwezi mpevu."

"Na mwaka unageuka lini?"

"Mwezi wa..."

"Sema. Mzee Muean amesoma vitabu, wewe ndiye uliyemtuma. Unageuka lini?"

Mzee mmoja wa meza ya pembeni alikuwa na tambi zinaning'inia mdomoni. Hakuzivuta wala hakuzikata. Ziliendelea kuning'inia.

"Wa nne," Mamkubwa akasema.

"Basi mwezi wa tatu ni mwaka wa nani?"

"Wewe usilete ujanja wako hapa!"

"Ujanja wa nani? Mimi siyo sungura."

Nilikuwa nakunja karatasi za kufungia, na naapa nilisikia nywele za mikono yangu zikisimama. Shangazi alikuwa amerudi. Alizima jiko, wateja wakiwa bado na mabakuli mkononi, akavaa kofia ya pikipiki, na Mamkubwa akapanda yake, na pikipiki mbili zikaondoka sokoni kwa mwendo ambao watu wa umri ule hawaruhusiwi. Mimi nikafuata kwa mguu. Hekalu liko karibu, na kelele ziliniongoza.

Nilipofika Mzee Muean alikuwa amevua miwani.

"Ni kweli," alikuwa anasema. "Kwa hesabu hiyo, mpaka maji yamwagwe, bado ni simbamarara." Akakaa chini. "Ina maana miaka ishirini na mbili nimekuwa nikiwapeleka watu kwenye minara yao mwaka mmoja kabla."

"Hilo utaomba msamaha baadaye," shangazi akasema. "Sasa hivi kuna jambo moja tu. Chansom, nisikilize, nalisema mara moja. Ukihesabu Januari, mimi ni sungura, nimekuzidi miezi minane, kichwa ni changu. Ukihesabu Aprili, mwaka huu bado ni wangu, tunakwenda Phrae, kichwa ni changu. Chagua."

Mamkubwa alikuwa anatafuta mlango wa tatu. Wakati huo Baba Mkubwa Inthon alikuwa ameshafika, na nusu ya mtaa, kwa sababu kuna mtu alikuwa ameandika kwenye grupu "njooni hekaluni haraka, leteni maji." Sisemi ni nani.

"Januari," Mamkubwa akasema hatimaye, kwa meno. "Januari, kama zamani. Chukua kichwa chako. Twende Nan. Mashati yameshachapwa."

Watu wakapumua. Mtu akapiga makofi. Mzee Muean akavaa miwani. Na kwa kweli mambo yalikuwa yamekwisha: Nan, mnara wa dhahabu, kichwa cha kitambaa, wifi amesalimu amri mbele ya mashahidi. Kila alichokitaka tangu lile lori la 1975 kilikuwa kimewekwa mbele yake kwenye sahani. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuandika kwenye grupu.

Shangazi alikuwa anakitazama kidole chake chenye alama ya moto ya jikoni.

"Shangazi?" nikamwita.

"Hapana," akasema. "Phrae."

"Wewe mwanamke!" Mamkubwa akapiga kelele. "Nimekupa!"

"Umenipa cha kwako. Nikifanyie nini? Nimekojoa mgongoni mwa mama kabla mwaka haujageuka, kila mtu kaona. Nitakwenda Nan nimwamkie mama wa mtu mwingine miaka mingapi? Phrae."

"Umefanya makusudi ili mimi nisiende!"

"Hilo nalo," shangazi akasema. "Nisikudanganye. Hilo nalo limo."

Baba Mkubwa Inthon, ambaye ndani ya miaka thelathini na mitano ya ndoa amesema labda sentensi kumi na mbili, akasema, "Phrae barabara ni nzuri zaidi." Mkewe alimtazama. Hajasema nyingine mpaka leo.

Wiki iliyofuata shangazi alipanga upya kila kitu kuanzia sifuri, akiwa na furaha ya kumgombeza kila mtu: dereva wa basi, muuza kitambaa, karani wa hekalu la Phrae kwenye simu, mimi. Mamkubwa alitangaza kwenye grupu kwamba haendi. Kisha kwamba anaenda lakini hatazungumza. Kisha akaomba kiti cha dirishani.

Siku yenyewe tulikwenda na mashati ya pinki, kwa sababu mengine hayakuwepo. Watu thelathini na mmoja wenye sungura kifuani, tukashuka chini ya kilima cha mnara wa simbamarara. Wauza ubani walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Jamani mmepotea! Sungura ni Nan, huko mbele!" Shangazi akamwambia ageuze macho yake kwenye bidhaa zake, zinapeperuka. Yeye lake alikuwa amelivaa ndani nje.

Mahali pale shangazi alikuwa amefika mara tisa na makundi yetu, na hakuwahi kupanda ngazi. Kila mara alibaki kwenye basi analinda chakula, akisema mnara wa simbamarara haumhusu, na kwamba asipolinda yeye, mbwa watakula wali wa kunata. Mara tisa. Sasa alisimama kwenye ngazi ya kwanza, yale majoka mawili ya saruji yakiwa yamefungua midomo kushoto na kulia kwake, kichwa cha kitambaa mikononi, na sisi wote nyuma yake tumekiinua juu. Ngoma ikaanza. Akapanda ngazi tano.

Akasimama. Mimi nilikuwa wa tatu, nikamgonga aliye mbele yangu.

"Chansom yuko wapi?"

Hakuwepo. Mkia wa kitambaa ulikuwa umeshikwa na Baba Mkubwa peke yake, unamning'inia kama nguo ya kuanika. Akanyoosha kidole bila kusema kitu. Kwenye basi, kiti cha dirishani, shati la pinki.

"Endelea tu, shangazi," nikasema. "Ndio vizuri, hatuna kelele."

Akanitazama kana kwamba nimemtukania ukoo. Akanitupia kichwa cha kitambaa mikononi, "Kishike, usitembee hata hatua," akashuka. Ngoma ikanyamaza moja moja. Watu ishirini na tisa tukabaki juani na kitambaa vichwani, na dirisha la basi lilikuwa wazi, kwa hiyo tulisikia yote.

"Shuka."

"Sipandi mnara wa simbamarara. Mimi nalinda chakula."

"Shuka, Chansom."

"Si umepata ulichotaka? Nenda. Mimi hainihusu."

"Na mimi nilisema maneno hayohayo kwenye kiti hichohicho. Mara tisa nimekaa hapa na kapu la wali kama mlinzi wa benki. Kwenye ukoo huu mjinga mmoja anatosha."

"Unaniita mjinga?"

"Nimejiita mimi. Wewe nakukataza usiniige, umeniiga tangu darasa la kwanza." Tulisikia kapu likisukumwa. "Halafu miaka sitini nimesubiri kutembea mbele yako. Usipoona, itanisaidia nini?"

Dereva wa basi, ambaye alikuwa anajifanya amelala, akafungua mlango.

Mamkubwa alishuka. Hakumtazama mtu. Alipita katikati yetu mpaka mwisho, akamnyang'anya mumewe mkia wa kitambaa, akaukunja mara mbili kwenye ngumi yake. Shangazi akapanda, akachukua kichwa kutoka kwangu bila asante. Ngoma ikaanza tena. Juu kule mnara ulikuwa unang'aa kiasi cha kutuumiza macho, na shangazi alipofika mbele yake nilimsikia akiongea chini chini. Siwezi kuapa, lakini kwa sauti yake, ile ilikuwa lawama.

Tulipoanza mzunguko wa kwanza sauti ikatoka nyuma kabisa, kali, inajulikana mtaa mzima.

"Polepole huko mbele! Kuna watu wana magoti!"

Shangazi akaongeza mwendo.